Mafuta Hukaaje Ndani ya Jiwe la Mchanga? Jibu kwa Fundi wa Visima wa Lamu

Fundi mmoja wa visima ameniandikia kutoka Lamu, na baada ya salamu anauliza hivi: "Nimechimba visima vya maji miaka mingi, Shela na huku bara upande wa mji mdogo wa Hindi. Naambiwa kuwa mafuta yanayotafutwa katika bahari yetu yamo ndani ya jiwe la mchanga. Mchanga mimi naujua, haushiki kitu. Ukimwaga ndoo ya maji inazama papo hapo. Basi mafuta yanakaaje humo mamilioni ya miaka yasitoroke? Na kama mchanga upo, mbona visima vya zamani vya Dodori na Pate havikutoa mafuta? Tena kuna kisima huku bara nimeona utando wa rangi rangi juu ya maji, kama wa dizeli. Je, hiyo ni dalili?"

Waalaikum salaam, fundi. Umeuliza mambo matatu, na la kwanza ndilo lililobeba mengine, kwa hiyo nitalikalia zaidi. Kauli yako kwamba mchanga haushiki kitu ni ya kweli kabisa, nami ningependa uishikilie mpaka mwisho wa jibu hili, kwa sababu wanaokosea ni wale wanaodhani mchanga ndio unaoyazuia mafuta. Mchanga huyapokea tu na kuyapitisha. Kinachoyazuia ni kile kilicholala juu ya mchanga.

Kwanza tuiondoe picha ya ziwa. Watu wengi hufikiri kwamba chini ya ardhi kuna pango lililojaa mafuta meusi, na bomba likishuka hunyonya kama mrija ndani ya dafu. Pango kama hilo haliwezi kudumu kwenye kina cha kilomita 2 au 3, kwa kuwa uzito wa miamba iliyo juu yake ungeliponda. Mara ya kwanza niliposhika kipande cha jiwe kilichotolewa katika kisima cha mafuta, nilishangaa kuona hakichuruziki chochote. Kilikuwa kama mchi mfupi, rangi yake ya kahawa, kikavu mkononi, na dalili pekee ilikuwa harufu. Nilipokitazama kwa lenzi, niliona chembe za mchanga zisizo tofauti na za ufuoni, zimegusana kwenye ncha zake, na katikati ya chembe na chembe pana kitundu cha giza. Vile vitundu ndivyo ghala lenyewe. Hakuna ghala jingine.

Ni nafasi kiasi gani iliyomo katika vitundu hivyo? Chukua debe ulijaze ndimu, na debe jingine ulijaze mtama. Mtu angeapa kwamba debe la ndimu lina nafasi tupu nyingi zaidi, kwa sababu matundu yake yanaonekana, lakini ukipima kwa kumimina maji utakuta madebe yote mawili yanapokea karibu kiasi kimoja. Hesabu ya mipira iliyo sawa inaonyesha hivyo hivyo: ikipangwa mmoja juu ya mwingine kwa mistari iliyonyooka, asilimia 47.6 ya nafasi hubaki tupu. Ikibanwa kadiri inavyowezekana, hubaki asilimia 26 hivi. Na ukubwa wa mpira haubadilishi kitu. Kinachobadilisha ni mchanganyiko. Umimine ule mtama juu ya ndimu ulitikise debe, na mtama utaingia katikati ya ndimu mpaka nafasi iishe. Kwa hiyo mwanajiolojia akiushika mchanga huuliza kwanza kama chembe zake zinalingana, kabla hata ya kuuliza ukubwa wake.

Anayelinganisha chembe hizo ni maji na upepo, na kazi hiyo tunaiona pwani kwetu kila mwaka. Mvua ikinyesha bara, mto Sabaki hushuka na maji mekundu ambayo huitia rangi ghuba ya Malindi, hata mtu aliyesimama ufuoni anauona mpaka wa maji ya mto na maji ya bahari kama mstari wa wanja. Maji yakifika mdomoni hupoteza kasi. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutuama karibu, kisha mawimbi huufagia na kuupembua mpaka ukawa ule tunaoukanyaga kuelekea Mambrui. Tope, kwa kuwa ni jepesi, huchukuliwa mbali na kutuama kwenye maji yaliyotulia. Mto ukihama, au bahari ikipanda, tope hulala juu ya mchanga wa jana, na mchanga mwingine huja kulala juu ya tope. Ningeomba usipite haraka hapa, fundi, kwa sababu humu mna nusu ya jibu lako: mto mmoja huleta ghala na huleta pia kifuniko chake, na vyote viwili hulazwa kwa zamu, tabaka juu ya tabaka.

Mchanga uliofunikwa huendelea kuzama, na kadiri unavyozama ndivyo unavyobanwa na kuwa jiwe. Maji yenye madini hupita katikati ya chembe na kuacha humo chokaa au silika, nayo huziunganisha chembe kama vile mafundi wa Mji wa Kale wa Lamu walivyounganisha mawe ya matumbawe kwa chokaa na mchanga. Saruji hiyo ya asili ikiwa kidogo, jiwe hupata nguvu na vitundu hubaki. Ikizidi, vitundu huziba. Mawe ya Mazeras yanayotandikwa kwenye nyua na vijia ni mawe ya mchanga ya zamani mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Kwa kuyatazama tu unaona jinsi mchanga mlegevu unavyoweza kuwa kitu cha kujengea. Katika mawe ya mchanga yanayotoa mafuta duniani, nafasi tupu mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 30 ya ujazo wa jiwe.

Nafasi peke yake haitoshi, lazima vitundu viwe na milango. Hapo ndipo ukubwa wa chembe unaporudi kwa nguvu, kwa sababu mtama na ndimu vina nafasi sawa lakini havina milango sawa, na maji hupita kwenye ndimu kwa urahisi zaidi. Kanuni ya upitaji huo inatoka kwa mtu wa kazi yako: Henry Darcy, mhandisi aliyeuletea mji wa Dijon nchini Ufaransa maji safi, ambaye mwaka 1856 alichapisha majaribio ya kupitisha maji ndani ya nguzo za mchanga. Mpaka leo upitishaji wa miamba ya mafuta hupimwa kwa kipimo kinachoitwa darsi, kwa jina lake.

Sasa twende Shela, ulikochimba mwenyewe. Unajua kwamba chini ya yale matuta ya mchanga kuna maji matamu ambayo mji wa Lamu umeyategemea, na unajua pia kwamba ukizidisha kina au ukizidisha kupampu unakutana na chumvi. Mvua inayozama katika matuta haichanganyiki ovyo na maji ya bahari yaliyomo mchangani. Huelea juu yake, kwa sababu lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1 na lita ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya jambo kubwa: kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ndiyo maana ukiyashusha kwa pampu mita moja tu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kisicholingana kabisa na ulichochota.

Mafuta yamo katika hali hiyo hiyo. Karibu kila tabaka la mchanga lililozama duniani limejaa maji, mara nyingi ya chumvi, na mafuta ni mgeni aliyeingia baadaye akiwa mwepesi kuliko mwenyeji. Mafuta ghafi mengi yana uzito wa kilo 0.8 hadi 0.9 kwa lita, kwa hiyo msukumo wake wa kwenda juu ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa maji matamu ya Shela. Gesi husukumwa zaidi bado. Panapokutana vyote vitatu, gesi hukaa juu, mafuta katikati, maji chini, na hata katika sehemu ya mafuta chembe za mchanga hubaki zimevikwa ngozi nyembamba ya maji isiyoondoka. Ukiyavuta mafuta kwa pupa, maji hupanda kisimani kama chumvi inavyopanda Shela; wachimbaji wa mafuta wana hofu ile ile uliyo nayo wewe.

Mgeni huyo hutoka wapi? Hutoka kwenye tope jeusi lililozikwa pamoja na mabaki ya viumbe wadogo wa majini na mimea midogo kabla hayajaozeshwa na hewa. Tope hilo likizama mpaka joto lifike kati ya nyuzi 60 na 120 za Selsiasi, na kwa mahali pengi hiyo ina maana ya kilomita 2 hadi 4, mabaki hayo hupikika polepole na kuwa mafuta. Moto ukizidi sana yanayotoka ni gesi. Mafuta yaliyozaliwa hukamuliwa na uzito wa miamba, huingia katika mchanga wa jirani, na kuanzia hapo safari yake yote ni ya kwenda juu, tone kwa tone, kwa muda unaohesabiwa kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyowahi kuzaliwa duniani ilifika juu ya ardhi au chini ya bahari, ikaliwa na bakteria, ikaisha. Kwa hiyo hofu yako kwamba yangetoroka si ya bure. Mengi yametoroka kweli.

Yale yaliyobaki yalikutana na tope lililogeuka jiwe. Tope nalo lina vitundu, tena vingi, ila milango yake ni midogo kupita kiasi. Katika jiwe zuri la mchanga mlango kati ya kitundu na kitundu huwa na upana wa sehemu kadhaa za elfu za milimita. Katika jiwe la tope mlango ni mdogo kuliko huo mara mamia. Na milango yote imejaa maji. Ukitaka kuona maana yake, tafuta kipande cha kitambaa cha marekani kilichofumwa kwa kubana, ukifunge juu ya kikombe, ukiloweshe maji vizuri, kisha utie juu yake kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Mafuta yatakaa juu ya kitambaa. Hakuna gamba lililoyazuia. Ni kwamba tone la mafuta, ili lipite katika tundu jembamba lililojaa maji, lazima lijikunje mpaka litoshe, na linahitaji kusukumwa ndipo lijikunje. Rundika mafuta zaidi na zaidi juu ya kitambaa, na itafika saa yatapenya. Kifuniko cha tope ni vivyo hivyo: kina kipimo cha rundo kinachoweza kulihimili, na rundo likizidi urefu huo, huanza kuvuja.

Lakini kifuniko kilicholala bapa hakikusanyi kitu. Mafuta yakifika chini yake yatatambaa pembeni, yakifuata mteremko wowote ulioelekea juu, hata kama ni mdogo kuliko mteremko wa paa la sakafu, lile bapa la nyumba za mawe, mpaka yapate njia ya kutokea. Yanahitaji umbo. Umbo linalofahamika kuliko yote ni la mgongo: matabaka yalisukumwa na kukunjwa mpaka yakainuka katikati kama kawa lililofunikwa juu ya sinia, na mafuta yakajaa kutoka kileleni kushuka chini, hadi yafike kwenye ukingo ambapo ziada humwagika kwenda kwingine. Burgan ya Kuwait, iliyogunduliwa mwaka 1938, ni umbo la namna hiyo, na ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote duniani katika jiwe la mchanga.

Umbo la pili ni la ufa. Ardhi hupasuka, upande mmoja hushuka, na tabaka la mchanga lililokuwa linapanda hukutana uso kwa uso na ukuta wa tope. Hilo ndilo la kwetu Kenya. Mwezi Machi mwaka 2012 kisima cha Ngamia-1 kilipata mafuta katika bonde la Lokichar, Turkana, ndani ya mawe ya mchanga ya kipindi cha Miosini yaliyoinama kuelekea ufa mkubwa wa upande wa magharibi wa bonde. Mafuta yale yalizaliwa na tope la ziwa la kale, ndiyo sababu yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ufa una tabia mbili, lakini: ukijazwa unga wa tope hufunga, na ukifunguka tena kwa tetemeko hugeuka kuwa njia ya kutorokea. Ndiyo maana mimi humwogopa ufa zaidi kuliko mgongo.

Umbo la tatu halihitaji mkunjo wala ufa. Ni pale tabaka la mchanga linapozidi kuwa jembamba mpaka linakwisha ndani ya tope, kama fungu la mchanga baharini linavyokwisha penye mkondo. Hifadhi kubwa ya mashariki mwa Texas, iliyogunduliwa mwaka 1930, iko hivyo: mchanga unapanda kuelekea mashariki, unakatika chini ya mwamba wa chokaa, na mafuta yamesimama penye mkato huo. Wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa wamelidharau eneo hilo, kwa sababu walikuwa wakitafuta migongo.

Sasa la Dodori na Pate. Kisima cha Dodori kilichimbwa mwaka 1964 na cha Pate mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vyote viwili vilipita kilomita 4 kwenda chini. Si kweli kwamba havikukuta kitu. Dalili za gesi ziliandikwa, ila hazikufikia kiasi cha kuzalishwa. Mchanga pia ulikuwapo, na wala haukupaswa kumshangaza mtu. Bonde la Lamu lilianza kufunguka Afrika ilipoachana na Madagaska, katika kipindi cha Jurasiki, na tangu hapo mito imelimwagia mchanga na tope mpaka mahali pengine unene umezidi kilomita 10. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Lamu hakuna mafuta kwa kuwa hakuna jiwe la kuyahifadhi, usimkubalie, na mtu akikuambia kwamba lazima yapo kwa kuwa mchanga upo, huyo naye usimkubalie.

Kwa maoni yangu, swali la bonde hili limekuwa siku zote ni la kifuniko na la wakati. Wakati husahauliwa sana. Kama tope lilipika mafuta na kuyaachilia kabla mgongo haujainuka, mafuta yalipita mahali pale palipokuwa bado bapa yakaenda zake, na mgongo uliokuja baadaye ulijaa maji tu, hata uwe mzuri namna gani. Kama mgongo ulikuwapo lakini ufa ulifunguka juu yake baada ya kujaa, kilichobaki ni harufu na madoa. Tena visima vile vililengwa kwa picha za mitetemo za zama zile, yaani picha za matabaka zinazochorwa kwa kutuma mtetemo ardhini na kupokea mwangwi wake, nazo zilikuwa mistari michache iliyopita mbali mbali, nacho kisima ni tundu ambalo juu kabisa halipiti upana wa sinia na chini huwa jembamba zaidi. Ukikosa kilele cha mgongo kwa kilomita moja, unaweza kupita pembeni ya ghala ukatoka na maji ya chumvi.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba bonde si tasa. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa-1, kilichochimbwa kwenye kina kirefu cha bahari yetu, kilikuta gesi ndani ya jiwe la mchanga la kipindi cha Kretasia, ingawa haikuwa ya kutosha kuendelezwa. Na kusini zaidi katika pwani hii hii, gesi ya Songo Songo, Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974 katika mchanga wa Kretasia vilevile, imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Huko kifuniko kilifunga na wakati ulisadifu.

Nafasi ya kuyaona haya kwa macho unayo, tena si mbali na Malindi. Nenda Marafa, kwenye lile korongo ambalo wenyeji huliita Nyari, ufike jioni jua linapolala. Utaona kuta za mchanga zilizopangwa kwa matabaka meupe, ya waridi na mekundu. Weka kidole kwenye tabaka lenye chembe kubwa, kisha kwenye tabaka la udongo laini, na utahisi kidoleni tofauti ya ghala na kifuniko. Mvua imeyala matabaka hayo na kuyaacha wazi, kwa hiyo hayana cha kuhifadhi, lakini yakizikwa kilomita 3 yangekuwa ndiyo yale yale wanayoyatafuta wachimbaji baharini.

Umebaki ule utando wa kisima chako cha bara. Kabla ya kumwambia mtu yeyote, chukua kijiti kisafi uuguse katikati. Utando wa mafuta huzunguka ukifuata kijiti na kujifunga tena mara ukikitoa. Utando unaokatika vipande vyenye kingo kali, kama ukoko wa uji uliopoa, vikabaki vimeachana, ni kazi ya bakteria wanaokula madini ya chuma yaliyomo majini, na mara nyingi utaona pia matope ya rangi ya kutu kwenye kuta za kisima. Ukijifunga tena, kagua kwanza pampu yako na mahali unapowekea madumu ya dizeli, kwani kisima kifupi cha bara hupata mafuta kutoka juu mara nyingi zaidi kuliko kutoka chini. Na mpaka uwe umejua yanatoka wapi, wazuie watu wasiyanywe maji hayo.